Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Mtoto Kukimbia, Kuruka na Kurusha Katika Klabu ya Riadha

Klabu nyingi za watoto, kuanzia Kisumu na Kakamega hadi Nakuru, hukwama mahali pamoja. Kocha anakusanya watoto thelathini, anawapa mizunguko sita ya uwanja, kisha anawapanga foleni waruke mchangani mmoja mmoja. Saa nzima inapita na kila mtoto ameruka mara tatu. Muhula ukiisha, wenye vipaji wanalalamika magoti, wengine hawaji tena, na kocha anasema watoto wa siku hizi hawana bidii.

Bidii wanayo. Wanachokosa ni msingi: kutua, kusimama, kuondoka, kusukuma ardhi, kurusha kwa mwili mzima. Mwongozo huu ni wa watoto wa miaka 7 hadi 12, wanaofanya mazoezi mara mbili au tatu kwa wiki, dakika 60 kila mara. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukitaka kuruka hatua ya kutua kwa sababu haipendezi machoni pa wazazi, nakusihi usiiruke. Ndiyo inayobeba zote zinazofuata.

## Vitu vya kuandaa

Hakuna cha kuagiza kutoka mbali.

- Chupa tupu za plastiki za nusu lita, thelathini hivi, zilizotiwa mchanga kidogo zisipeperuke. Hizo ndizo koni.
- Mabua makavu ya mahindi, ya viunzi. Mtoto akiligonga bua, linavunjika au linaanguka, naye haumii wala haogopi kurudia.
- Tairi kuukuu za baiskeli, na tyubu zilizokatwa na kuunganishwa ziwe blada ndefu, yaani kamba ya mpira ya kurukia.
- Soksi ndefu zilizopoteza wenzake, na mipira ya tenisi au ya matambara ya kutia ndani.
- Vipande vya bomba la plastiki vya sentimita 30, viwe vijiti vya kupokezana. Kijiti cha mashindano kina sentimita 28 hadi 30, kwa hiyo mkono utazoea kipimo halisi.
- Tepu ya kupimia, jembe, reki, filimbi na daftari.
- Ndoo ya jivu la jikoni la kuchorea mistari. Chokaa huchoma macho mtoto akianguka usoni. Jivu lililopoa si kali kama chokaa, ingawa nalo huwasha macho likiingia.
- Maji ya kunywa, kila mtoto na kikombe chake, na sanduku la huduma ya kwanza.

Kabla mtoto hajakanyaga uwanja, mzazi ajaze karatasi: tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, nambari ya simu, na magonjwa. Usiulize tu "ana ugonjwa?" maana jibu huwa hapana. Taja kwa majina: pumu, kifafa, selimundu. Huku kwetu ukanda wa ziwa na Magharibi selimundu ni jambo la kawaida, na kiu, jua kali au uchovu mkubwa vinaweza kumletea mtoto huyo maumivu makali ya kumlaza hospitalini. Anaweza kushiriki daktari wake akikubali, lakini anywe maji mara kwa mara, apumzike anapotaka, na asisukumwe kamwe. Mwenye homa arudi nyumbani akapimwe malaria.

Na hili halina mjadala: watu wazima wawili wawepo uwanjani kila wakati. Kocha asibaki peke yake na mtoto, asimkande misuli, asimpigie simu usiku. Mzazi akija kutazama mazoezi bila taarifa, akaribishwe.

## Hatua ya 1: Kagua uwanja, gawa vituo

Tembea uwanja wote kwa miguu kabla watoto hawajafika. Ukiwa tambarare za Kano, karibu na Kisumu, ule udongo mweusi hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na ufa wa upana wa vidole vitatu unatosha kuteguza kifundo. Zifukie au sogeza mstari. Nakuru shida ni vumbi. Nyunyiza maji mahali pa kukimbilia, hasa ukiwa na mtoto wa pumu. Okota vigae na miiba. Kama watoto watakuwa peku, kagua pia nyayo zao, kwa sababu mwenye funza hukanyaga upande na atajifunza mkimbio mbaya akikwepa maumivu.

Kisumu saa tisa alasiri jua bado ni kali. Anza saa kumi na nusu siku za shule, na Jumamosi saa mbili asubuhi. Kakamega na Kisii mvua ya alasiri huja na radi: ukisikia ngurumo tu, ondoa watoto wote waingie ndani ya jengo, si chini ya mti, na msirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Kisha gawa uwanja vituo vinne, watoto wasiozidi wanane kila kituo. Sababu ni moja: mtoto hujifunza kwa kurudia, na foleni ndefu haimpi nafasi ya kurudia. Mwite mzazi mmoja au kijana wa sekondari asimamie kila kituo, na umweleze jambo moja tu la kuangalia.

Utajua umefaulu ukitazama kutoka pembeni na usione mtoto amesimama bila kazi zaidi ya dakika moja.

## Hatua ya 2: Pasha mwili moto kwa mchezo

Achana na mizunguko. Dakika kumi za mchezo wa kati zinatosha: wawili wanarusha mpira wa makaratasi kutoka pande mbili, walio katikati wanakwepa. Humo humo mna kukimbia ghafla, kusimama, kugeuka, kuinama na kurusha. Siku nyingine waruke blada iliyoshikiliwa na wawili, kwanza kwenye kimo cha vifundo, halafu cha magoti. Watoto tayari wanaijua michezo hii kutoka mtaani, kwa hiyo hutapoteza muda kueleza.

Usiwakalishe chini kunyoosha misuli kabla ya kukimbia. Kunyoosha kwa kutulia kuje mwishoni, mwili ukiwa umechoka na una joto.

## Hatua ya 3: Kutua na kusimama

Hapa tukae kidogo.

Kila mruko huisha kwa kutua, na kila hatua ya mbio ni mruko mdogo. Wakati wa kutua mguu hubeba uzito mara kadhaa ya ule wa mwili. Mtoto asiyejua kutua hubebesha goti mzigo ambao ungebebwa na nyonga na mapaja, na hilo hurudiwa mamia ya mara katika kipindi kimoja.

Mweke mtoto juu ya kitu imara cha kimo cha sentimita 20, kwa mfano ubao mpana au ngazi ya chini ya jukwaa. Ashuke kwa miguu yote miwili, atue, na abaki hapo akihesabu hadi tatu bila kuyumba. Wewe piga magoti mbele yake, mita tatu hivi, macho yako yawe usawa wa magoti yake. Tazama mambo manne:

Sauti. Kishindo kikubwa maana yake amepokea uzito kwa mifupa. Mwambie atue kama paka. Watoto hulielewa hilo mara moja.

Magoti. Je, yanakimbiliana miguu ikigusa ardhi? Hili ndilo kosa nitakalokuomba ulitafute kila siku. Magoti yaelekee kule vidole vya miguu vinakoelekea. Usimwambie "panua miguu", atapanua nyayo na magoti yatabaki pale pale. Mwambie asukume magoti nje kidogo, au mfunge kipande cha blada kilicholegea juu ya magoti na umwombe akikaze wakati wa kutua.

Nyonga. Zirudi nyuma, kana kwamba anataka kuketi. Akishuka kwa kukunja magoti peke yake, visigino huinuka na uzito wote huenda mbele.

Kifua. Kama kuna maandishi kwenye fulana yake, uweze kuyasoma.

Rekebisha moja tu kwa siku. Ukimpa mtoto wa miaka minane maelekezo manne, atasimama akufikirie wewe badala ya kutua.

Miruko sita, apumzike, arudie mara mbili. Wiki ya pili atue kwa mguu mmoja kutoka chini tu, akiruka mbele nusu mita. Wiki ya tatu akimbie mita kumi na asimame kabisa ndani ya hatua tatu, nyonga zikiwa chini.

Tahadhari: mtoto wa miaka 10 na zaidi anayerefuka haraka anaweza kuumwa chini kidogo ya goti, pale kwenye kifundu cha mfupa, au nyuma ya kisigino. Huo si uvivu. Mifupa inakua na kano zinavuta pale zinaposhikilia mfupa. Mpunguzie kuruka, mwache aendelee kurusha na kutembea kwa goti juu. Akichechemea siku kadhaa, au maumivu yakimwamsha usiku, apelekwe kwa daktari.

Umefaulu mtoto akitua kimya mara tano mfululizo, magoti yakielekea vidole vya miguu vinakoelekea, bila wewe kumkumbusha.

## Hatua ya 4: Mkimbio

Peku kwenye nyasi ni sawa kabisa, na mara nyingi ni bora kuliko raba zinazomzidi mtoto ukubwa. Anayekimbia peku huweka mguu kwa upole zaidi. Viatu vya misumari havina kazi umri huu.

Anza kwa kutembea goti juu, mita 15: goti lifike usawa wa nyonga, vidole vya mguu vielekee juu, mkono wa upande wa pili uje mbele. Wengi watainua mkono na mguu wa upande mmoja. Usicheke wala kuruhusu wenzake wacheke. Mpunguzie mwendo mpaka apate mpigo wake. Halafu afanye vile vile kwa kurukaruka. Baadaye laza mabua kumi chini, yaliyoachana kwa hatua sawa, apite kati yake bila kuyakanyaga. Mabua yenyewe humfundisha kuushusha mguu chini ya mwili wake badala ya kuurusha mbele, na huhitaji kupiga kelele.

Maneno ninayoyapendekeza ni machache: "Goti juu." "Viwiko nyuma." "Sukuma ardhi." Mtoto anayekunja ngumi na kukaza shingo mpe kipande cha jani kavu katika kila kiganja, akimbie bila kulivunja.

Sasa mbio zenyewe. Mita 20 hadi 30, si zaidi ya mara sita, na baina ya mbio na mbio apumzike karibu dakika mbili. Makocha wengi huona mapumziko hayo kama muda unaopotea. Lakini mtoto anayerudia mbio akiwa anahema hujizoeza kukimbia vibaya: mabega juu, nyonga chini, miguu inaburuta. Kasi hufundishwa mwili ukiwa na nguvu, kwa hiyo hatua hii iwe mapema katika kipindi, kabla ya uchovu.

Mzazi atakuuliza kwa nini mwanawe hakimbii kilomita tano kama watoto wa jirani. Mjibu kwa heshima, na umpe mfano wa nyumbani. Ferdinand Omanyala, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 Nairobi mwezi wa Septemba 2021 na kuweka rekodi ya Afrika, alikuwa akicheza raga kabla ya kuhamia mbio fupi. Michezo mingine haikumzuia.

## Hatua ya 5: Kuanza mbio

Miguu pamoja, mwili umenyooka, mtoto aegemee mbele taratibu mpaka akaribie kuanguka, ndipo akimbie. Mguu utajitupa mbele wenyewe. Zoezi hili humwonyesha kwamba mwanzo wa mbio ni kuegemea na kusukuma, si kunyanyuka.

Akishazoea, mguu mmoja mbele, mkono wa upande wa pili mbele, magoti yamekunjwa, macho chini mita mbili mbele yake. Asiinue kichwa kwa hatua tano za kwanza. Changanya na kuanza akiwa ameketi, amelala kifudifudi, au amekupa mgongo, ukitumia filimbi siku moja na makofi siku nyingine. Vibao vya kuanzia vingoje.

## Hatua ya 6: Kuruka mbali

Mchanga kwanza. Shimo liwe la upana wa mita tatu hivi, likilimwa kwa jembe kila kipindi, maana mchanga ulionyeshewa halafu ukapigwa jua hukauka ukawa mgumu. Mchanga wa mtoni upepete, utoe mawe na vigae. Jembe na reki viwekwe mbali, meno ya reki yakitazama chini.

Mtoto akimbie hatua tano hadi saba tu. Mkimbio wa hatua ishirini humfanya afike kwenye mstari akihangaika, apunguze mwendo, na aruke akitazama miguu yake. Badala ya ubao mwembamba, mwaga jivu eneo la upana wa nusu mita, aondokee popote ndani yake, na upime kutoka alama ya mguu wake. Hivyo hana sababu ya kuangalia chini.

Aondoke kwa mguu mmoja, goti la pili lipande, atue kwa yote miwili. Ajaribu kuondoka kwa kulia na kwa kushoto kwa wiki kadhaa kabla hujaamua mguu wake ni upi. Akiruka chini chini, egemeza blada juu ya mabua mawili kwa kimo cha goti, mwanzoni mwa mchanga, isiyofungwa, ianguke akiigusa.

Watoto wanane tu kwenye shimo moja. Wengine wako vituo vingine.

## Hatua ya 7: Viunzi

Panga mistari minne sambamba, kila mmoja na viunzi vinne vya mabua juu ya chupa. Mstari wa kwanza viachane mita 5, wa pili 5.5, wa tatu 6, wa nne 6.5. Kimo kianze chini ya kifundo, kipande polepole hadi sentimita 30.

Mtoto achague mstari unaompa hatua tatu kati ya kiunzi na kiunzi: moja, mbili, tatu, juu. Asikie mpigo huo kwa sauti, ahesabu mwenyewe. Mwenye miguu mifupi akilazimishwa mstari wa mrefu ataongeza hatua ya nne na kubadilisha mguu kila kiunzi. Umefaulu kichwa chake kikienda karibu usawa mmoja na kasi haipungui.

## Hatua ya 8: Kurusha

Klabu zetu nyingi haziifundishi kabisa, na hilo linanisikitisha. Kwenye mashindano ya dunia ya Beijing mwaka 2015, Julius Yego wa Nandi alitwaa dhahabu ya mkuki kwa mita 92.72. Watoto wa vijiji hivi hivi wana mikono.

Tia mpira wa tenisi ndani ya soksi, funga fundo juu yake, acha mkia. Mkia ndio mwalimu: mtupo ukiwa mzuri huruka ukiwa umenyooka nyuma ya mpira, mkono ukizunguka pembeni, mkia huyumbayumba hewani na mtoto anaona mwenyewe.

Sheria ya usalama haibadiliki. Wote wasimame mstari mmoja, warushe upande mmoja. Filimbi ya kwanza kurusha, ya pili kwenda kuokota, tena kwa kutembea. Wa mkono wa kushoto wakae mwisho wa mstari upande wa kushoto.

Mpangilio ni huu. Kwanza mikono miwili juu ya kichwa, kama anayerudisha mpira uliotoka uwanjani. Halafu mkono mmoja akiwa amesimama ubavu, uzito kwenye mguu wa nyuma. Mguu wa nyuma usukume, nyonga igeuke, kifua kifuate, mkono uje wa mwisho, kiwiko kikipita juu karibu na sikio. Akishindwa, mshikie soksi kwa nyuma kidogo aanze kugeuza nyonga, kisha uiachie. Hatua tatu za kukimbilia zije baadaye kabisa. Arushe kwa mikono yote, nusu kwa nusu.

Tufe na mkuki wa wakubwa usimpe. Uzito ukizidi, mtoto hujifunza kusukuma kwa bega na kiwiko, na ndipo huumia.

## Hatua ya 9: Kijiti

Wapokezane wakitembea kwanza, halafu wakikimbia polepole, halafu kwa kasi. Anayepokea aangalie mbele, mkono nyuma ukiwa umetulia, anayeleta aseme "Shika!" na mkono wa mwenzake ukae tuli hadi kijiti kifike. Kosa kubwa ni mpokeaji kuganda akisubiri. Chora alama ya jivu hatua sita nyuma yake: mwenzake akiikanyaga, yeye aondoke.

## Kupanga saa moja na wiki kumi na mbili

Dakika 10 za mchezo, 10 za kutua na mkimbio, 30 za vituo, 10 za kunyoosha misuli, maji na maneno mawili ya kuagana. Maji wapewe pia kila dakika ishirini. Ukiweza kupata uji kabla ya kuanza siku za shule, upate. Wengi huwa hawajala tangu mchana, na wengine hata mchana hawakula.

Wiki tatu za kwanza usivuke hatua ya 4. Wiki ya nne hadi ya sita ongeza kuanza na kurusha. Kuruka mbali, viunzi na kijiti vifuate, hatua ya 3 ikibaki kila kipindi mpaka mwisho.

Kila wiki ya nne pima mambo manne: kuruka mbele kutoka kusimama, mita 20, kurusha soksi, na kutua kwa mguu mmoja akitulia sekunde tatu. Piga video kutoka ubavuni kama mzazi amekubali kwenye ile karatasi. Andika daftarini matokeo ya mtoto chini ya yale yake ya awali, na umsomee yeye peke yake. Usibandike orodha ya nani wa kwanza. Watoto wa umri mmoja wanaweza kupishana sana kwa ukuaji wa mwili, na anayeongoza leo huenda amebalehe tu mapema.

Wiki ya kumi na mbili ikiisha, aliyefaulu yote manne aendelee na vipimo virefu kidogo vya mbio na mkimbio mrefu wa kuruka. Anayetua bado kwa kishindo, hata akiwa ndiye mwenye kasi kuliko wote, arudi hatua ya 3 kwa wiki mbili, na mzazi wake aelezwe ni kwa nini.